Prosesa na Ubao Mama: Somo Tunalolianzia Mwisho

Mwanachuo wa ualimu akiulizwa prosesa ni nini, atajibu bila kusita kwamba ni ubongo wa kompyuta. Akiulizwa ubao mama ni nini, atajibu kwamba ni ubao unaoziunganisha sehemu zote za kompyuta. Majibu yote mawili ni sahihi, na msahihishaji atampa alama zake. Lakini mwanachuo huyo huyo akipewa fedha na kutumwa dukani kununua vitu hivyo viwili, ili aunde kompyuta ya nyumbani kwa gharama ndogo, yamkini atarudi na prosesa isiyoingia katika ubao alioununua, au inayoingia lakini isiyowaka, au inayowaka lakini isiyoonyesha picha. Twasema hivyo pasipo kumdharau mwanachuo. Sisi wenyewe, tukiwa na stashahada ya elimu na miaka sita ya kulifundisha somo hili, tulirudi na ile ya aina ya tatu.

Rai tunayoitoa katika makala haya ni kwamba somo la sehemu za kompyuta tunalifundisha kwa kuanzia mwisho. Tunaanza na maana, tunafuata na majina, tunamalizia na mchoro wa kuweka herufi A hadi F. Na kazi ya kuchagua, ambayo ndiyo iliyozizaa maana hizo, tunaiacha nje ya mlango wa darasa. Kwa maoni yetu, kuchagua prosesa na ubao mama kwa fedha chache hakufai kuwa zoezi la ziada kwa wenye bidii. Huko ndiko kulikostahili kuwa mwanzo wa somo.

Hebu kwanza tueleze kisa chetu, kwa kuwa si haki kumkosoa mwenzako huku umelificha kosa lako.

Mwaka 2022 tulikuwa tumeweka akiba ya shilingi 850,000. Binti yetu alikuwa kidato cha pili, nasi tulikuwa tumemwahidi kompyuta ya kujisomea kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi Novemba. Tulikata shauri kuiunda wenyewe badala ya kununua iliyokwisha kuundwa, kwa sababu mbili: kwanza, kompyuta iliyoundwa kwa sehemu huweza kutengenezwa sehemu kwa sehemu inapoharibika, pili, na hili hatuna budi kulikiri, tuliona aibu kwamba mkufunzi wa somo hili hajawahi kuunda hata moja. Tukasafiri hadi Kariakoo tukiwa na orodha mfukoni. Prosesa tuliyoitaka ilikuwa Core i3-12100 ya Intel, iliyotoka mwezi Januari mwaka huo huo, na ubao wenye chipseti ya H610, ambao ulikuwa wa bei ya chini kabisa katika jamii yake.

Muuzaji alituuliza kama twataka ile ya kawaida au ile yenye herufi F mwishoni. Ile ya F ilikuwa rahisi kwa karibu shilingi 40,000. Tukamwuliza tofauti ya nguvu. Akajibu, "Nguvu ni ile ile, Mwalimu." Nasi tukachukua ya F, tukafurahi kwamba nauli ya kurudia imepatikana.

Muuzaji yule hakusema uongo. Nguvu ni ile ile kweli: viini vinne vya kufanyia kazi, kasi ile ile, soketi ile ile. Kilichopungua ni sehemu ndogo ndani ya prosesa inayotengeneza picha ya kwenda kwenye skrini. Prosesa yenye herufi F huhitaji kadi ya picha inayonunuliwa peke yake, na sisi hatukuwa na kadi wala fedha ya kadi. Tulipofika nyumbani tukaunganisha kila kitu, feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nyuma ya ubao palikuwa na tundu la HDMI kama kawaida, nasi tukaamini kwamba palipo na tundu pana picha. Kumbe tundu lile ni njia tu. Lisipopata picha kutoka ndani ya prosesa, halina cha kupitisha. Tulibadilisha waya, tukaazima runinga ya jirani, tukachomoa ramu na kuirudisha mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Siku kumi na tano baadaye, mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, ambaye tulimsimulia mkasa huo kwa mzaha, alituuliza, "Samahani, Mkufunzi, hiyo F ina maana gani?"

Hatukuwa na jibu. Tulilitafuta usiku ule katika ukurasa wa mtengenezaji, na likapatikana kwa dakika moja.

Duka halikupokea prosesa iliyokwisha kufunguliwa katika kasha lake, na hatuwalaumu. Tuliiuza kwa hasara kwa fundi anayeunda kompyuta za michezo, ambazo huwekewa kadi ya picha hata hivyo, tukasubiri mishahara miwili, ndipo tukanunua ile ya kawaida. Mtihani wa kidato cha pili ulifanyika kabla skrini haijawaka.

Tangu hapo tumejiuliza: katika miaka sita ya kufundisha kwamba prosesa ni ubongo wa kompyuta, ni kipindi gani kingaliweza kutuzuia tusikosee? Tulipitia maandalio yetu yote ya somo, na hatukuona hata kimoja. Mfano wa ubongo humridhisha mwanafunzi kiasi kwamba haulizi zaidi. Ubongo wa mtu hauuzwi dukani, hauna aina arobaini, wala haukatai kichwa ulichowekwa. Prosesa ina sifa zote hizo tatu, na anayetaka kuifahamu sharti aanzie hapo.

Sasa tueleze jinsi tunavyolianza somo siku hizi. (Mafundi wa mjini huuita ubao huo "mazabodi", sisi tutaendelea na ubao mama, ingawa mwanachuo mmoja alikwisha kutuuliza kama huo ndio ule wa chaki.) Kipindi cha kwanza hatutoi maana ya neno lolote. Twaandika ubaoni kiasi cha fedha, na twaeleza kaya moja: baba ni fundi cherehani, mama ana duka la vyakula, watoto wawili wako sekondari, umeme hukatika mara kwa mara, na kompyuta inatakiwa kwa ajili ya kuandika, kutunza hesabu za duka, kusoma na kutazama masomo ya video. Kisha twagawa kadi. Baadhi zina majina ya prosesa, nyingine za mbao mama, zote za kweli, na bei zake ni zile ambazo wanachuo wenyewe wamezikusanya madukani wakati wa likizo. Kila kundi lichague prosesa moja na ubao mmoja, kisha litetee uchaguzi wake mbele ya wenzao.

Mara ya kwanza karibu kila kundi hufanya jambo lile lile. Hutazama kwanza kadi za prosesa, huchukua ile kubwa kuliko zote inayoweza kununulika, na fedha inayobaki hutafutiwa ubao wowote. Hapo ndipo tunapotoa soketi za boksi. Tumekata vipande vya maboksi ya sabuni, tukavitoboa matundu kwa mipangilio mbalimbali, na prosesa za boksi tumezichomeka njiti za kiberiti kwa mipangilio hiyo hiyo. Kundi lililochagua Ryzen hupewa njiti zake na kuambiwa lizichomeke katika ubao lililoununua. Zisipoingia, somo limekwisha kueleweka pasipo mkufunzi kufungua kinywa. Soketi ndiyo mlango wa nyumba, na mwenye kununua samani hupima mlango kwanza.

Laiti mambo yangaliishia hapo, somo lingekuwa jepesi mno. Ugumu, na utamu pia, uko katika prosesa inayoingia mlangoni lakini isikubaliwe ndani. Mfano tunaoupenda kuliko yote ni soketi ya LGA1151 ya Intel. Mwaka 2015 ilitoka pamoja na prosesa za kizazi cha sita, na mwanzoni mwa 2017 ikapokea kizazi cha saba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 2017 kikatoka kizazi cha nane, chenye soketi ya jina lile lile na idadi ile ile ya vituo vya mguso, 1,151. Lakini prosesa za kizazi hicho hazikukubaliwa na mbao za zamani, wala za zamani hazikukubaliwa na mbao mpya. Kazi ya baadhi ya vituo vile ilikuwa imebadilishwa, hasa katika kupeleka umeme. Mtu aliyetazama umbo na namba pekee alidanganyika. Aliyesalimika ni yule aliyefungua orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao, ambayo kila mtengenezaji wa mbao huiweka katika ukurasa wake kwa kila ubao anaouza.

Orodha hiyo ndiyo chombo ambacho twataka mwanachuo aondoke nacho chuoni. Ina safu ya majina ya prosesa, na pembeni ina safu nyingine ambayo wengi huipita: toleo la bayosi. Bayosi ni programu iliyomo ndani ya ubao wenyewe, inayoamka kabla ya nyingine zote na kuitambua prosesa iliyokaa katika soketi. Ikiwa ubao ulitoka kiwandani kabla prosesa haijazaliwa, bayosi yake haiitambui, na kompyuta haiwaki hadi bayosi isahihishwe. Hapo huzuka tatizo ambalo darasa hulicheka na kulikumbuka: ili usahihishe bayosi, kwa kawaida unahitaji kompyuta hiyo hiyo iwake, nayo haiwezi kuwaka. Ni mtu aliyefunga mlango na kuuacha ufunguo ndani. Mwaka 2018 AMD walilazimika kuwaazima wateja prosesa za zamani kwa ajili ya kuamshia mbao za aina hiyo, kisha warudishiwe. Mbao nyingine zina kitufe kinachowezesha kusahihisha bayosi kutoka kwenye flashi pasipo prosesa yoyote. Kwa hiyo mnunuzi huuliza dukani, "Bayosi yake ni toleo gani?", na kama muuzaji hajui, aombe ubao uwashwe mbele yake pamoja na prosesa anayoinunua. Wauzaji wengi hukubali wakiombwa kwa heshima kabla ya kulipwa. Baada ya kulipwa, mazungumzo huwa mengine.

Soketi ya AM4 ya AMD inastahili kipindi kizima, maana ndani yake mna karibu kila jambo tulilotaja. Ilipokea Ryzen za kwanza mwezi Machi 2017, na hata baada ya AM5 kutoka mwezi Septemba 2022, prosesa mpya za AM4 ziliendelea kutolewa. Ni umri mrefu usio wa kawaida katika biashara hii, na kwa mtu wa kipato kidogo umri wa soketi ni akiba: ubao anaoununua leo waweza kupokea prosesa bora kesho. Lakini umri huo una mikunjo yake. Mwaka 2020 AMD walitangaza kwamba mbao za B450, zilizotoka 2018, hazingepokea prosesa za Ryzen 5000. Wateja wakalalamika, na uamuzi huo ukabatilishwa. Mwaka 2022 ruhusa ikafika hata kwa mbao za kwanza za 2017. Hata hivyo, baadhi ya mbao zina chipu ndogo ya kuhifadhia bayosi, kiasi kwamba ili kuandika majina ya prosesa mpya ilibidi kufuta ya zamani. Kwa upande mwingine, ubao wa B550 wa mwaka 2020, ingawa ni mpya kuliko B450, hauzikubali rasmi Ryzen za mwanzo. Mwanachuo akiona kwamba kipya hukataa cha zamani, na cha zamani hupokea kipya kwa masharti, ataacha kukisia na atafungua orodha.

Wenzetu wamekwisha kutuuliza, tena kwa haki: mwalimu wa shule ya msingi au sekondari ataunda kompyuta ngapi katika maisha yake? Je, si afadhali vipindi hivyo vitumike kumfundisha kuandika barua na kutengeneza majedwali ya alama? Twajibu kwamba huenda asiunde hata moja, lakini kwa hakika ataulizwa kuhusu kununua. Mkuu wa shule atamwita ofisini, kwa kuwa ndiye "mtu wa kompyuta", na kumwonyesha hati ya bei kutoka kwa mfanyabiashara: kompyuta kumi zilizokwisha kutumika ng'ambo, zote "i7", bei nafuu. Fedha ni michango ya wazazi. Mwalimu aliyekariri kwamba i7 ni kubwa kuliko i3 atatia saini kwa moyo mkunjufu.

Tumpeleke mwalimu huyo darasani kwetu. Twaandika ubaoni Core i7-2600 upande mmoja, na Core i3-12100 upande wa pili. Ya kwanza ilitoka Januari 2011, ya pili Januari 2022. Zote zina viini vinne. Kasi ya msingi ya i7 ni gigahezi 3.4, ya i3 ni 3.3. Tukawauliza wanachuo ipi ina nguvu zaidi, na darasa zima likanyosha vidole kwa i7: jina lake ni kubwa, namba yake ni kubwa. Lakini i3 hii huishinda i7 ile kwa mbali, kwa sababu kiini chake hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mpigo wa saa. Gigahezi ni idadi ya mapigo. Haisemi kila pigo limelima kiasi gani. Zaidi ya hayo, i7 ile hutumia ramu ya DDR3 na ubao wa soketi ya LGA1155, ambayo haikupokea kizazi kingine baada ya cha tatu. Huduma ya kawaida ya masahihisho ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Tarakimu zinazofuata alama ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: 2600 ni cha pili, 12100 ni cha kumi na mbili. Maarifa hayo ya dakika tano yaweza kuokoa michango ya kijiji.

Hatusemi kwamba kompyuta iliyotumika ni mbaya. Kusema hivyo kungekuwa kuwadanganya wanachuo, maana kwa familia nyingi kompyuta ya ofisi ya kizazi cha nane au cha tisa, iliyotunzwa vema, ni nafuu kuliko yoyote watakayoiunda. Hata ile i7 ya 2011 ikiwekewa Linux bado huandika mitihani vizuri. Tunachosema ni kwamba anayeinunua ajue anachonunua. Ajue, mathalani, kwamba baadhi ya kompyuta hizo za ofisi zina ubao na pawasaplai za umbo la pekee, zisizobadilishana na zile za kawaida. Pawasaplai ikifa, itabidi atafute ya aina ile ile au aiweke mashine kando. Hapo ndipo iliyoundwa kwa sehemu za kawaida inaporudisha gharama yake, nasi kwa sababu hiyo bado hatujutii uamuzi wetu wa 2022, tukiiondoa ile herufi.

Kwa mwenzetu anayetaka kuunda sasa kwa fedha chache, twaweza kusema machache. Njia mbili ndizo tunazowawekea wanachuo mezani. Ya kwanza ni Ryzen 5 5600G, iliyoingia madukani Agosti 2021, yenye viini sita na sehemu ya picha ndani yake, juu ya ubao wa A520, B450 au B550. Herufi G kwa AMD wa soketi hiyo ndiyo inayoashiria picha. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina. (Angalia jinsi watengenezaji wawili walivyozipanga herufi zao kinyume: huku herufi yaongeza picha, kule yaipunguza. Ndiyo maana hatukubali herufi zikaririwe bila orodha.) Njia ya pili ni i3-12100 yenyewe, au ndugu yake i3-14100 ya mwaka 2024, juu ya ubao wa H610, ila kwa huyo wa pili bayosi iulizwe, maana ubao uliokaa dukani tangu 2022 huenda haumfahamu. Kwa kaya tuliyoieleza, zote mbili zatosha na kubaki. Tofauti itaamuliwa na bei ya jozi, prosesa pamoja na ubao wake. Makundi mengi hushangaa kuona kwamba prosesa iliyo rahisi kwa shilingi 50,000 hudai ubao ulio ghali kwa 70,000.

Ramu nayo imeingia katika hesabu kwa nguvu mpya. Soketi ya AM5 hukubali DDR5 tu. AM4 ni ya DDR4. Mbao za LGA1700 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na aghalabu ubao mmoja hauchukui zote mbili, kwa kuwa hata pengo la katikati ya kijiti halilingani. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za ramu zimepanda sana duniani, viwanda vikielekeza uzalishaji wake kwenye mitambo mikubwa ya akili unde. Mwenye vijiti vya DDR4 katika kompyuta iliyokufa asivitupe wala asiviuze kwa bei ya chakavu. Achague ubao unaovipokea. Na akitumia prosesa yenye picha ndani, ambayo hukopa ramu ya kompyuta kwa kazi hiyo, aweke vijiti viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16. Jumla ni ile ile, lakini njia zinakuwa mbili, na picha huenda vizuri zaidi. Wanachuo wa hisabati huona vigumu kulikubali hilo hadi waone kwa macho.

Kuhusu umeme na joto hatuna haja ya kurefusha. Prosesa za njia hizo mbili ni za wati 60 au 65 katika kazi ya kawaida, na ubao wa bei ndogo huzimudu. Asitie mtu prosesa ya wati 105 katika ubao wa bei ya chini kabisa kisha akashangaa inapopunguza kasi yenyewe kwa joto. Na shilingi zilizobaki zinunue betri ya kukinga umeme unaokatika, kabla ya kununua spika.

Jambo moja la vitendo limetugharimu, nasi twalieleza ili lisiwagharimu wengine. Prosesa za AM4 zina pini zake tumboni, 1,331. Za LGA1700 hazina pini, kwa kuwa pini ziko ndani ya soketi ya ubao. Mwanachuo akiipindisha pini ya AM4, huweza kunyoshwa kwa ncha ya penseli ya kubonyeza, kwa subira na mwanga wa kutosha. Akiigusa pini ya soketi ya LGA kwa kidole, ni nyembamba mno, na mara nyingi ubao ndio unaopotea. Kwa hiyo twafundishia kwa vilivyokufa. Mafundi wa mji wetu hutuwekea mbao zilizoungua, na hawatutozi kitu ila kuwapokea vijana wao wanaotaka kujifunza jioni. Ubao ulioungua una soketi nzima, una tundu za ramu, una jina lake limeandikwa kwa herufi nyeupe katikati. Mwanachuo alisome jina hilo, alitafute katika orodha, aseme ni prosesa zipi zingekaa hapo na kwa bayosi ipi. Mtihani wetu wa vitendo siku hizi ni huo tu, na msahihishaji hawezi kutoa alama kwa neno "ubongo".

Kabati letu sasa lina mbao mbili za LGA1155, moja ya LGA1151 ya kizazi cha sita na moja ya kizazi cha nane, ambazo twazipanga pamoja ili wanachuo wajaribu kuzitofautisha kwa macho na washindwe. LGA1700 iliyokufa bado hatujaipata, wala AM4. Mkufunzi mwenzetu mwenye ubao wa mojawapo ya aina hizo usiowaka, tungeshukuru sana akituhifadhia. Nasi kwa upande wetu tuko tayari kumpelekea seti kamili ya kadi na soketi za boksi, njiti zikiwa zimekwisha kugundishwa.